Haramia au mdurufu?

Wapenzi wa muziki wa Mbaraka Mwinshehe hubishana kwa jazba kuhusu santuri zake za zamani zisizochapwa tena. Anayezinakili na kuziuza, wengi humwita haramia. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, ndugu yake haramu. Kwetu lilikaa msituni na baharini: haramia ni mtu mwenye silaha, anayepora shehena na kumwacha mwenyewe mikono mitupu.

Lakini santuri iliyonakiliwa haiondoki kabatini kwa mwenyewe. Kinachoibwa ni jasho la mwanamuziki, na kwa kuwa Mbaraka alifariki 1979, ni haki ya warithi wake. Hilo ni kosa, tena kubwa, ila si la jambia.

Tunacho kitenzi kudurufu, tulichokizoea shuleni siku za mitihani, mikono ikinuka wino wa stensili. Chenyewe hakimhukumu mtu. Anayedurufu santuri iliyokwaruzika ili sauti isipotee, akampa jirani bure, kwangu ni mdurufu. Anayeghushi jalada, akauza nakala kwa bei ya santuri halisi bila warithi kuambulia senti, huyo namwita haramia bila kusita.