Posta ya Afrika Mashariki: kutoka shirika moja hadi matatu

Wafanyabiashara wanaotuma sampuli, vipuri au hati za mizigo kati ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hushughulika na posta tatu tofauti. Haikuwa hivyo siku zote. Kwa zaidi ya miaka 40 nchi hizi zilikuwa na posta moja, na kuvunjika kwake ndiko kunakoeleza kwa nini kifurushi cha kutoka Arusha kwenda Nairobi leo ni cha kimataifa.

Chanzo

Posta ya India ilifungua ofisi Zanzibar mwaka 1875. Wajerumani walifungua zao Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890. Uganda ilipata stempu zake za kwanza mwaka 1895. Zilipigwa kwa taipureta na bei yake ikaandikwa kwa kauri, fedha iliyotumika sokoni wakati huo.

Januari 1, 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na stempu za pamoja zikatolewa mwaka 1935. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967 uliliweka Shirika la Posta na Simu chini ya Jumuiya, makao makuu yakiwa Kampala. Reli na ndege zilibaki Nairobi, bandari zikapelekwa Dar es Salaam. Lengo la mgawo huo lilikuwa kila nchi ipate sehemu ya faida.

Kuvunjika

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977 na kila nchi ikaunda shirika lake la posta na simu. Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya ulikubaliwa Arusha Mei 1984, msuluhishi akiwa Victor Umbricht wa Uswisi.

Muundo wa sasa

Mageuzi ya miaka ya 1990 yalitenganisha posta na simu. Tanzania ilianza Januari 1994, ambapo Shirika la Posta na TTCL vilianza kazi kila kimoja peke yake. Uganda ilifuata mwaka 1998 na Kenya mwaka 1999. Posta zilibaki na wajibu wa kufika vijijini, lakini bila mapato ya simu.

Usimamizi nao ulitolewa kwenye mashirika hayo. Wasimamizi wa sasa ni TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, na UCC kwa Uganda. Hao ndio wanaotoa leseni kwa kampuni binafsi za kusafirisha vifurushi. Nchini Tanzania, hata kampuni ya mabasi inayopokea vifurushi vya wateja kwa malipo inatakiwa kuwa na leseni hiyo.

Mambo ya kuzingatia

- Kifurushi chenye bidhaa kinachovuka mpaka kwa posta huambatana na fomu ya forodha: CN22 kwa vitu vidogo vya thamani ndogo, CN23 kwa vingine. Mtumaji aandike jina halisi la bidhaa, idadi, uzito na thamani. Maelezo ya jumla kama "zawadi" au "vifaa" huweza kuchelewesha mzigo kwenye ukaguzi.

- Namba ya kufuatilia ina tarakimu 9 katikati ya herufi mbili mwanzoni na mbili mwishoni. Herufi za mwisho ni za nchi ilikotumwa: TZ, KE au UG. Inayoanza na E ni ya EMS, R ni ya rejista, na C ni ya kifurushi cha kawaida.

- Risiti ya posta itunzwe mpaka mzigo upokelewe, kwa kuwa madai ya upotevu huanzia kwa posta iliyoupokea mzigo kutoka kwa mtumaji.

Jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulianza kutumika Julai 2000, haikurudisha shirika la pamoja la posta. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005, lakini kila posta bado hupanga viwango vyake. Anayetuma vifurushi mara kwa mara alinganishe gharama za kutuma na za kurudisha kabla ya kumpa mteja bei, kwani njia ileile huweza kuwa na bei mbili kulingana na upande mzigo unakotokea.