Uhuru na Nyota Ndogo Zinazojificha

Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa Swima huwasha taa zao ziwani ili kuwavuta ndagala. Mtu aliye ufukoni huona pengine taa moja ikitoweka, kisha yarudi. Haikuzimika, mtumbwi mwingine umepita mbele yake. Mbinguni nako zipo nyota za namna hiyo, mbili mbili, zikizungukana na kufichana. John Goodricke, kijana kiziwi wa York katika Uingereza, alionyesha mwaka 1783 kwamba nyota Algol hufifia kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, akasema labda kitu chenye giza hupita mbele yake. Alifariki mwaka 1786, umri wake miaka 21 tu. Mwaka 1889 Vogel, Mjerumani, alihakikisha kwamba kweli ni nyota mbili.

Lakini nyota zilizo ndogo kupita zote zilijulikana kwa msaada wa pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, na twasikitika kuona habari hii haisimuliwi sana kwetu.

Karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia wa Chuo Kikuu cha Roma walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, wakayaita San Marco. Mahali hapo ni karibu na ikweta, kama sisi wa Fizi. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliondoka pale ikichukua satelaiti ya Wamarekani. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea miaka 7 ya kujitawala, na mama Marjorie Townsend, msimamizi wa kazi hiyo, aliipa satelaiti jina la Kiswahili: Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Hewa yetu huizuia miali hiyo, kwa hiyo hapana budi kupanda juu ya hewa.

Katika kundi la nyota liitwalo Centaurus, jirani ya Msalaba wa Kusini, Uhuru iliona miali ikipigapiga kama moyo, pigo moja kila sekunde 4.8. Tena kila baada ya siku 2 na saa 2 hivi ilitoweka kwa karibu nusu siku. Nyota ndogo ilikuwa imepita nyuma ya nyota kubwa!

Mapigo hayo ndiyo yaliyokuwa kipimo. Mfikirie mtu apigaye ngoma mtumbwini kwa mwendo ulio sawa: akija kwetu, milio yatufikia kwa haraka zaidi, akienda zake, yachelewa. Kwa njia hiyo wataalamu walijua kwamba nyota ile ndogo yakimbia kilomita 415 hivi kwa sekunde, katika njia ya mviringo iliyo mbali na kitovu chake kilomita milioni 12 hivi. Muda wa kufichwa ulionyesha upana wa ile kubwa, nao ni kama mara 12 ya jua letu. Mwendo wa ile ndogo ulionyesha uzito wa ile kubwa, si chini ya majua 15.

Basi uzito wa ile ndogo yenyewe? Hapo ilikuwa lazima kuona jinsi ile kubwa inavyoyumba ikivutwa na mwenzake. Mwaka 1974 Krzeminski, Mpolandi, aliitambua kwa darubini, na vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba ile ndogo ina uzito kama wa jua letu au zaidi kidogo. Ajabu ni kwamba nyota za namna hii, ziitwazo nyota za nyutroni, zina upana wa kilomita 20 na kidogo tu. Mtu aweza kutembea umbali huo kwa siku moja akafika kabla ya jua kuchwa.

Uhuru iliona jozi nyingine katika kundi la Hercules, yenye pigo kila sekunde 1.24 na mzunguko wa siku 1.7. Ilinyamaza mwezi Machi 1973, ikiwa imeorodhesha vyanzo 339 vya miali. Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genova aliyewaongoza wataalamu wake, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.