Kutoka Masoko Hadi Bomani

Bibi yangu aliondoka Masoko jogoo wa kwanza. Hadi Tukuyu ni kama kilomita 15, karibu zote za kupanda, na aliyetaka kumkuta karani bado yupo dirishani hakuweza kungoja umande ukauke. Mtoto mgongoni, ndizi mbili za kuchoma ndani ya jani, na kwenye pindo la kaniki fundo lenye karatasi iliyoandikwa namba ya jeshi ya mumewe. Hakujua kusoma. Lakini namba ile aliishika kichwani hadi uzeeni, na sisi wajukuu tulikuwa tukimwomba aitaje ili tumsikie anavyoitamka, tarakimu moja moja, kama mtu anayehesabu vifaranga.

Mumewe alikuwa keya. Watu wa rika lake hawakupoteza pumzi kusema King's African Rifles. Walisema keya, na Kiswahili kilichozungumzwa kambini kikaitwa Kikeya. Katika Vita Kuu ya Pili takribani watu 87,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, wengine kwa hiari, wengine kwa kutajwa na machifu wao. Babu hakuwahi kusema yeye alikuwa wa fungu lipi. Aliondoka mwaka 1942, mimba ya baba yangu ikiwa na miezi mitano.

Julai iliyopita niliamua kuitembea njia ya bibi. Nilikuwa nimesoma kuhusu vita vya babu kiasi cha kutosha kujua vikosi vilipita wapi na mwezi gani, lakini yeye mwenyewe sikumwona humo. Nikafikiri labda nitamwona upande huu, kwenye njia ya mtu aliyekuwa akimngoja.

Nilianzia ziwani. Ziwa Masoko, ambalo wengi hapa huliita Kisiba, limetulia ndani ya kasoko ya volkano ya zamani, maji yake ya kijani kizito, miti imeinama pande zote. Juu ya ukingo kuna jengo la mawe ambalo limetumika kama mahakama ya mwanzo. Kabla ya hapo lilikuwa la Wajerumani. Kompania yao ya Tano iliweka kambi Masoko, na Septemba 1914 askari wake walishuka kuelekea mto Songwe na kuvuka kwenda kupigana Karonga, ambako walishindwa vibaya. Watu wa hapa husema Wajerumani walipoondoka walitupa mali ziwani, na vijana wameokota sarafu za zamani ukingoni mara nyingi kiasi kwamba hakuna anayeshangaa akionyeshwa moja.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu ya jambo moja. Askari wale wa Mjerumani hawakuishi peke yao. Walikuwa na wake na watoto jirani na kambi, na vita vilipowaondoa, wengi wa wanawake hao waliifuata safari. Walipika, walibeba, walizaa njiani. Jenerali von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn, mji tunaouita sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, nyuma ya askari wake weusi wasiozidi sana 1,100 palikuwa na msururu wa wapagazi, wanawake na watoto. Vitabu vinamsifu jenerali kwa mbio zake. Mimi nawafikiria akina mama waliokimbia mbio zilezile wakiwa na masufuria kichwani. Na siwezi kuwataja hao nikawanyamazia wapagazi, waliokufa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na mizigo, kwa pande zote mbili. Dar es Salaam jina lao limebaki sokoni: Kariakoo, yaani Carrier Corps.

Waingereza waliingia Tukuyu mwishoni mwa Mei 1916, wakati huo mji ukiitwa Neu Langenburg. Kwa hiyo bibi alipozaliwa, bendera ilikuwa imebadilika, lakini boma lilikuwa lilelile.

Njia inaanza kupanda mara tu unapoliacha ziwa. Migomba kwanza, kisha kahawa chini ya migomba, na kadiri unavyopanda chai inatokea, imekatwa sawasawa kama mkeka. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Akina mama watatu waliokuwa wakishuka na ndoo walinisalimu, nikaitikia ndaga, wakacheka lafudhi yangu ya mjini na kuniuliza ninakwenda wapi kwa miguu wakati bodaboda zipo. Nikawaambia namfuata bibi yangu. Mmoja akatazama nyuma yangu kama vile angemwona.

Bibi alipofika hapa, kwenye kilima cha kwanza, babu alikuwa wapi? Hilo ndilo swali nililotembea nalo, na bibi hakuweza kulijibu. Barua za askari zilikaguliwa, na hawakuruhusiwa kutaja mahali walipo. Babu alimwandikia kupitia rafiki aliyejua kuandika, na huku mwinjilisti wa Moravian alimsomea bibi: ni mzima, anawasalimu, mbuzi wasiuzwe, mtoto apewe jina la baba yake. Hakuna zaidi.

Mimi najua alipokuwa. Katikati ya 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo. Askari wengine waliwafuata baadaye kwa meli kutoka Mombasa, na meli moja kati ya hizo, Khedive Ismail, ilipigwa na nyambizi ya Japani tarehe 12 Februari 1944 karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Nawaza ni wake wangapi walioendelea kuamka jogoo wa kwanza mwezi ule, karatasi imefungwa kwenye kaniki, bila kujua.

Babu alikuwa ameshavuka. Kuanzia Agosti 1944 divisheni ile iliteremka bonde la Kabaw, Burma, katikati ya masika. Magari yalizama kwenye tope hadi mizigo ikarudi vichwani. Kila siku walimeza vidonge vya mepakrini vya kuzuia malaria, vilivyoigeuza ngozi kuwa na unjano, na wapo waliopona risasi wakaondoka na homa. Mwanzoni mwa Desemba waliingia Kalewa, na juu ya mto Chindwin likajengwa daraja la chuma la mita 350 hivi. Katika vita vyote, daraja hilo tu ndilo babu alilolizungumza kwa furaha. Mvua ya Burma, alisema, ni kama ya Rungwe, ila huku ukilowa unajua mlango upo wapi.

Nusu ya njia nilipumzika kwenye jiwe. Bibi alipumzika pia mahali fulani hapa, amnyonyeshe mtoto.

Askari walikuwa wakikatwa sehemu ya mshahara, nayo ikilipwa kwa familia zao kupitia boma la wilaya. Kiasi kilikuwa kidogo, na cha askari mweusi kilikuwa kidogo kuliko cha mzungu aliyekuwa naye kwenye tope lilelile. Bado babu alitenga alichoweza. Wapo waliotenga kidogo na kunywa kilichobaki, siwahukumu, tope ni tope. Yeye, bibi alisema, hakupunguza hata mara moja. Kwa hiyo karani alipotaja kiasi chake bibi alijua mambo mawili: mume yu hai, na bado ni mume.

Ukienda Dar es Salaam, pale Mtaa wa Samora, utamwona askari wa shaba aliyesimamishwa mwaka 1927, bunduki mbele, kisu kikielekea bandarini. Ni sanamu nzuri. Napita pale kila nikiwa mjini na kila mara naona upungufu uleule: hakuna aliyemtengenezea mtu wa kumtumia fedha. Tumewakumbuka baadhi ya makeya wa Burma kwa siasa, na inastahili. Abdulwahid na Ally Sykes walikuwa miongoni mwao kabla ya kuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Lakini wengi zaidi walirudi wakawa baba za watu, na hiyo nayo ni kazi. Babu alipanda miche ya kahawa, akasomesha watoto sita, wasichana wakiwamo, wakati majirani walimwambia anapoteza ng'ombe. Usiku wa mvua kubwa aliamka akahesabu watoto kwa kuwagusa miguu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Nilifika bomani saa nne kasoro. Sikujua dirisha lilikuwa lipi. Ofisi zimebadilishwa, rangi imepakwa juu ya rangi, na mlinzi aliniruhusu kwa upole kuzunguka ukuta mzee. Bibi alisema wanawake walikaa chini kwa mstari, hawasemezani sana, wote wakiutazama uso wa karani anapofunua daftari. Akiinua kichwa haraka, vizuri. Akichelewa kuinua, moyo unasimama. Kisha dole gumba kwenye wino, shilingi mkononi, chumvi dukani, na kushuka.

Mwanzoni mwa 1946 alikwenda kama kawaida na akamkuta babu mwenyewe amekaa kwenye ngazi za boma, ameshuka kwenye lori la Mbeya asubuhi ile, amevaa koti zito la jeshi. Hawakukumbatiana, haikuwa desturi. Waliulizana habari za nyumbani, na baba yangu, aliyekuwa na miaka mitatu na hajawahi kumwona mtu huyu, akaliangalia koti akapiga yowe. Aligoma kushikwa. Walitembea hivyo hadi wakauacha mji, mtoto akilia, mvua ikaanza. Babu akasimama. Akalivua koti akamfunika nalo bibi, akanyoosha mikono akiwa na shati tu, na safari hii mtoto akakubali. Alimbeba hadi Masoko, kuteremka kote, akiwa amelowa.