Kanuni za Chombo Kisichopo

Nilikwenda Amani kutafuta miti. Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na utafiti wangu unahusu vyombo vya baharini vya mwambao wa Tanga. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea hapa mwaka 1902, na nilitaka kujua mti upi wa milima hii ya Usambara Mashariki uliteremka pwani ukawa chombo. Mvua ikanifungia ndani siku tatu. Nikafanya ninachofanya tangu sekondari: nikatazama Star Trek.

Sisi mashabiki tunazijua kanuni za chombo chake, Enterprise, kama wengine wanavyozijua kanuni za soka. Mwaka 1964 Gene Roddenberry, mtunzi wa tamthilia hiyo, alimwagiza msanifu Matt Jefferies achore chombo kisicho na mabawa, kisichotoa moto wala moshi. Jefferies alikuwa rubani, akafikiri kama fundi. Injini zenye nguvu kiasi hicho ni hatari, basi zikae mbali na watu, juu ya nguzo mbili. Ubavu wa nje uwe laini, kwa kuwa matengenezo yafanyike ndani. Hata namba ya chombo, 1701, aliichagua kwa kukwepa 3, 6, 8 na 9, tarakimu ambazo mtazamaji angezichanganya kwenye kioo.

Mwaka 1975 msanifu mwingine, Franz Joseph, alichapisha kitabu chenye michoro ya vyombo vya kundi hilo, baadhi vikiwa na injini moja, vingine tatu. Baadaye zikasikika kanuni zilizonukuliwa kuwa za Roddenberry mwenyewe: injini ziwe jozi, zionane, angalau kwa nusu ya urefu wake, bila mwili wa chombo kuzikinga, zote zionekane kutoka mbele, na chumba cha nahodha kikae juu kabisa, katikati. Mashabiki wengi wanaamini zilitungwa ili kuvitoa vyombo vya Franz Joseph nje ya ukoo. Nazo hazikudumu: mwaka 1994, katika kipindi cha mwisho cha mfululizo wa baadaye, Enterprise yenyewe ilitokea na injini tatu.

Mvua ilipokatika niliteremka hadi Kigombe kwa baba mkubwa, fundi wa ngalawa. Nilimwamkia, nikamwonyesha picha ya chombo kwenye simu. Aliishika mbali na macho.

"Tanga lake liko wapi?"

"Hakina, baba. Kinakwenda kwa injini hizi mbili."

"Mbili ni sawa," akasema. "Ya upande mmoja ingekizungusha."

Yeye hajapata kumsikia Roddenberry. Ngalawa ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, jembamba mno kusimama peke yake chini ya tanga. Kinachoishikilia ni matengo, zile mbao mbili za pembeni zilizofungwa kwenye miti inayokatiza juu ya mwili wake, moja kila upande. Ziwe jozi, zilingane, zikae mbali na ubavu kwa kiasi maalumu. Kanuni hii haikutungwa kumfukuza mtu. Bahari ndiyo msimamizi wake.

Nilipomuuliza kiasi hicho ni kipi, alinyoosha mkono. Hupima kwa dhiraa na shibiri, yaani kwa mkono wake mwenyewe. Nikapima kwa wangu, nikapungukiwa. Akacheka. Mimi sikucheka sana. Wanawe wawili wanaendesha bodaboda Muheza, na hakuna anayejifunza kwake. Mtepe, chombo cha Lamu kilichoshonwa kwa kamba ya nazi, ulikwisha hivyo: James Hornell alipochapisha makala juu yake mwaka 1941, alikuwa anaandika juu ya kitu kilichokwisha kutoweka baharini.

Star Trek ilipoanza kuonyeshwa, Septemba 1966, hata miaka mitano ilikuwa haijatimia tangu Tanganyika ijitawale. Tayari ofisa wa mawasiliano wa Enterprise, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, aliitwa Uhura, jina lililochongwa kutoka neno letu uhuru, na katika kipindi cha kwanza kabisa kuonyeshwa anasemeshwa Kiswahili. Lugha yetu ilipanda chombo hicho mapema. Lakini injini ambazo hazijapata kuwaka zina kitabu, michoro na watu wa kubishania kila nusu yake, na chombo kinacholeta samaki Kigombe kila asubuhi kina mkono wa mzee mmoja.

Nilimwomba auweke mkono huo juu ya meza. Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, sentimita 47. Ndiyo tarakimu ya kwanza katika daftari langu la utafiti.

"Andika na shibiri," akasema, akapanua vidole.