Utayari wa Kusomea Udaktari: Kutoka Mulago hadi Muhimbili

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, swali la kama kijana wa Afrika Mashariki yuko tayari kuomba nafasi ya kusomea udaktari halikuwa la kijana mwenyewe. Lilijibiwa na wengine, kuanzia mmisionari na ofisa wa serikali ya kikoloni hadi msahihishaji wa mitihani, mwajiri na kiongozi wa chama, na kila mmoja alikuja na kipimo chake kilichoonyesha mahitaji ya utawala wa wakati ule kuliko kilivyoonyesha uwezo wa mwombaji. Historia ya vipimo hivyo inastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu kimoja kati yavyo, kile kilicholaumiwa zaidi, kilikuwa na ukweli ambao vyuo vya leo vimeuacha.

Mwanzo wa historia hiyo uko Uganda. Albert Cook, daktari wa Church Missionary Society aliyefungua hospitali ya Mengo mwaka 1897, alianza kufundisha wasaidizi wa tiba wa Kiafrika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kipindi ambacho jeshi la Waingereza nalo lilikusanya vijana kutoka shule za misheni na kuwafanya wahudumu wa majeruhi na wagonjwa katika mapigano dhidi ya Wajerumani. Aliyehesabiwa kuwa tayari katika miaka hiyo alikuwa yule aliyejua kusoma na kuandika, aliyepata sifa njema kwa walimu wake wa dini, na asiyekimbia mbele ya kidonda. Hapakuwa na fomu ya maombi, kwa kuwa kijana alichaguliwa tu na kuambiwa aende.

Mafunzo rasmi ya serikali yalipoanza Makerere na katika hospitali ya Mulago katika miaka ya 1920, sifa njema ilibaki kuwa sharti, lakini sayansi iliongezwa juu yake. Mwanafunzi alipaswa kwanza kusoma fizikia, kemia na baiolojia pale Makerere, kwa sababu shule nyingi za sekondari hazikuwa na maabara, na baada ya hapo tu ndipo aliporuhusiwa kuingia wodini Mulago. Jambo chungu ni kwamba hata aliyemaliza safari hiyo ndefu hakuitwa daktari kamili, bali alipewa cheo cha msaidizi na mshahara ulio chini ya ule wa Mzungu aliyefanya naye kazi hiyohiyo. Baraza Kuu la Tiba la Uingereza, yaani chombo kinachosajili madaktari wa nchi hiyo, liliitambua sifa ya Makerere mwaka 1957 tu, miaka minane baada ya chuo hicho kuunganishwa na Chuo Kikuu cha London. Wanawake walisubiri zaidi, kwani Josephine Nambooze, anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuhitimu udaktari hapo, alimaliza mwaka 1959. Vijana wa Tanganyika nao walipitia mlango huohuo. Mmoja wao alikuwa Vedasto Kyaruzi, aliyekuwa rais wa chama cha Tanganyika African Association (TAA) mwaka 1950 na baadaye mwakilishi wa kwanza wa Tanganyika katika Umoja wa Mataifa. Watu waliopimwa ili wawe wasaidizi watiifu walitoka humo wakiwa viongozi wa siasa.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam pale Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 1963 na kugeuzwa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, ilizaliwa katika upungufu huo. Sambamba nayo palikuwa na ngazi ya kupanda kazini, ambayo haijapewa heshima inayostahili: mhudumu wa zahanati ya kijijini aliweza, baada ya miaka ya kazi na masomo, kuwa tabibu, yaani mtaalamu wa tiba mwenye stashahada, na tabibu akaweza kusomea udaktari msaidizi, ngazi iliyomruhusu kufanya hata upasuaji wa kuzalisha katika hospitali za wilaya. Aliyepanda kwa njia hiyo ndiye mwombaji aliyejua barabara alichokuwa anakiomba, kwa kuwa alikwisha kukesha na wagonjwa na kuwazika baadhi yao kabla hajajaza fomu yoyote.

Wazo hilohilo, la kumtaka mwombaji aijue kazi kwanza, ndilo lililopewa nguvu ya sera katika Azimio la Musoma la Novemba 1974, ambapo Halmashauri Kuu ya chama tawala cha TANU iliamua kwamba mhitimu wa Kidato cha Sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali amalize kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na ombi lake liambatane na mapendekezo ya mwajiri, ya wafanyakazi wenzake na ya chama. Madhara yake yalionekana mapema. Idadi ya wasichana walioingia chuo kikuu ilishuka, kwa kuwa miaka hiyo ya kusubiri ilikuwa ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, hata serikali ikalazimika kuwaondolea sharti hilo baada ya muda mfupi; waliokusudia kusoma sayansi walikaa mbali na vitabu hadi wakasahau waliyofundishwa; na barua ya tawi la chama ilimpa kiongozi mmoja uwezo wa kumfungia mtu njia kwa chuki binafsi. Katika miaka ya 1980 utaratibu huo ulilegezwa. Hata hivyo, kosa lilikuwa katika kuyakabidhi maamuzi kwa tawi na kumpangia kila mtu muda uleule, si katika kutaka mwombaji awe ameonana na kazi kwanza. Kwa upande wa udaktari, dai hilo lilikuwa sahihi kabisa.

Kilichofuata ni utawala wa alama. Vyuo binafsi vya udaktari vilifunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ikaanza kazi mwaka 2005, na kwa miaka kadhaa kuanzia 2010 maombi yakapitia mfumo mmoja wa taifa kabla ya kurudishwa vyuoni. Kipimo kikawa ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia, tahasusi inayojulikana kama PCB. Ni kipimo cha haki kuliko barua ya kiongozi, kwa kuwa hakimtazami mtu kwa dini, kabila wala ukoo, lakini hakimwambii mwombaji kama ataweza kusimama usiku mzima katika wodi ya wazazi. Shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, na miwili ya kwanza hutumika zaidi katika maabara na vyumba vya mihadhara, hivyo wanafunzi wengi huanza kuishi wodini katika mwaka wa tatu, wakati mkopo umekwisha kuwa mkubwa na aibu ya kurudi nyuma imekwisha kuwa nzito. Vyuo vya udaktari vinapaswa kumpa kila mwombaji wiki chache za kuhudumu katika kituo cha afya kabla ya kupokea fomu yake, na uamuzi wa kuendelea au kuacha uwe wa kijana mwenyewe.