Mazoezi Tiba na Kinga (Shahada ya Uzamili)

Mazoezi tiba na kinga ni taaluma ya kupanga mazoezi kulingana na hali ya mwili wa mtu, awe mgonjwa wa kisukari, mzee anayeanguka mara kwa mara au majeruhi aliyekatwa mguu. Nchini Italia ni shahada ya uzamili ya miaka 2 yenye krediti 120. Huko Ufaransa, tangu 2017, daktari anaweza kumwandikia mazoezi mgonjwa wa maradhi sugu.

Mfano wa mahali taaluma hii inapohitajika ni Goma, mji wa Kongo uliojengwa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo. Kwa majeruhi wa vita, kituo cha Shirika la Umoja mjini humo kimetengeneza miguu bandia kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu.

Kuvaa mguu ni mwanzo tu. Mgonjwa huanza kwa kushika vyuma viwili sambamba, akihamisha uzito kidogo kidogo hadi nyonga ikubali. Kisha hufuata ngazi, mteremko na mawe ya lava, ambako kila hatua hudai msawazo mpya. Mwanafunzi wa uzamili anayepima mwendo kwenye sakafu laini ya maabara pekee hajauona ugumu huo.

Upande wa kinga, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa watu wazima, wakiwemo wenye ulemavu. Mjini Goma, msukuma chukudu, yaani baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, huenda akazipita dakika hizo kwa siku moja. Anachohitaji ni kulindwa mgongo na magoti.