Tapeti ngumu au za oili?

Wadau, ubishi wa hosteli umehamia kwenye magari ya Kimarekani ya miaka ya 60. Mshikaji wangu wa uhandisi anasema injini ya kweli lazima iwe na kemshafti ya tapeti ngumu, zile ambazo fundi anaziseti upenyo kwa fila geji. Za oili zinajirekebisha zenyewe, kwa hiyo anaziona za wazee.

Kwenye mbio namuunga mkono. Camaro Z/28 ya 1967 ilikuja na kemshafti iliyoitwa 30-30, maana upenyo ni inchi 0.030 kwa vali za kuingiza na za kutoa. Inapenda mizunguko ya juu. Kwenye foleni inakohoa tu, jamani!

Sasa cheki Chrysler. Hemi 426 ya barabarani ilianza 1966 na tapeti ngumu, halafu 1970 wakaweka za oili kupunguza usumbufu wa kuseti. Nguvu kwenye karatasi? Farasi 425 zilezile.

Bado unataka ngumu kwa gari la kila siku? Mimi ningechukua ile ya Chevrolet LT-1 ya 1970, imepunguzwa makali kidogo. Na oili iwe yenye zinki ya kutosha, la sivyo kemshafti inalika mapema. Haya, mshikaji, jibu hapo.